Mashine Isikae Bure

Kabula Machibya alikuwa na ulimi mwepesi, na ulimi huohuo ndio uliomponza.

Akiwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea miamba na matetemeko, alipangiwa fildi kwao Katavi, kwenye mradi wa kusimika mashine za kupima mitetemo ya ardhi. Mashine zilikuwa chache na mahali pa kuziweka ni pengi, lakini Kabula alimng'ang'ania msimamizi wake, Daktari Natalia, kama kupe. Kijijini kwao Kasekese kumetulia, alisema. Hakuna barabara kubwa, hakuna mgodi, hakuna mashine ya kukoboa. Baba yake ana eneo kubwa na zizi liko mbali. Alipiga debe mpaka Daktari Natalia, mzaliwa wa Mamba, hukohuko Katavi, asiyekubali upesi maneno ya Wasukuma kama Kabula, akacheka na kuridhia.

"Lakini kituo kikiwa na kelele nakihamisha mkoa mwingine," alisema. "Na wewe utamalizia fildi yako ofisini Shanwe, unachaji betri."

Kabula aliliogopa hilo kuliko mtihani wowote. Alipokuwa darasa la tano, tetemeko lilipasua ukuta wa nyumba yao, na hakupatikana mtu wa kumwambia limetoka wapi. Watu walisema tu ardhi imejigeuza. Ndipo alipoamua kwamba siku moja atakuwa yeye wa kuwaambia watu wa kwao.

Basi walichimba shimo, wakamwaga zege, wakaiweka mashine ndani, wakazungushia wavu na kusimamisha paneli ya sola. Mzee Machibya, baba yake, alisimama pembeni ameegemea fimbo.

"Sasa hii kazi yake nini?"

"Inasikiliza ardhi, baba. Ikitikisika, inaandika."

"Na isipotikisika?"

Kabula alikuwa amelala kifudifudi, mkono wote ndani ya shimo, anagombana na waya uliokataa kuingia. Hakufikiri. "Isipotikisika itakuwa imekaa bure, na mimi nimefeli!"

Alisema kwa utani. Kisha akajipangusa vumbi, akapanda gari kurudi Mpanda, na mzee akabaki na neno lake.

Ofisi ya mradi ilikuwa vyumba viwili vya kupanga pale Shanwe, mjini Mpanda. Taarifa za mashine zilikuja kwa mtandao wa simu, kwa hiyo kila kilichotikisika Kasekese Kabula alikiona kwenye kompyuta. Jioni ya kwanza mstari ulitulia tuli. Jioni iliyofuata ukaanza kurukaruka mpaka akadondosha chapati. Na iliyofuata ukaruka zaidi. Kichwa kikamvimba. Alishajiona amesimama mbele ya maprofesa akieleza mitetemo ya ajabu ya Kasekese. Tena, tuseme kweli, alishachagua na gauni.

Daktari Natalia alivaa miwani, akatazama, akaivua.

"Kabula, ardhi haina ratiba. Hii inaanza watu wakitoka shamba na inaisha giza likiingia. Tena ina mapigo. Haya ni mambo ya watu."

"Labda, Daktari..."

"Labda nini? Kesho tunakwenda na koleo. Ukikijua ni kitu gani na ukakizima, kituo kinabaki. Ukishindwa, tunang'oa."

Safari nzima Kabula alitafuta mkosaji. Alifikiria pampu ya maji, akafikiria pawatila ya kulimia, akafikiria jirani gani kanunua mashine bila kuuliza mtu. Aliomba iwe kitu cha kuzimwa kwa swichi.

Jioni walipokaribia Kasekese, waliisikia kabla hawajaiona. Ilikuwa ngoma.

Kuuzunguka ule wavu, kikundi cha ngoma ya kulimia kilikuwa kinacheza kama kiko kwenye mashindano. Mbele yao alikuwa Malale, baba mdogo wa Kabula, anarusha jembe juu na kulidaka, na kila waliporuka wakatua kwa pamoja, vumbi liliinuka. Akina mama walikuwa wameleta vinu vyao wanatwanga palepale. Ng'ombe walikuwa wanapitishwa mbio, wanarudishwa, wanapitishwa tena. Na katikati ya hayo yote alikuwa Mzee Machibya mwenyewe, fimbo juu, anatoa amri.

"Sogeeni! Nyie wa vinu, karibu na mashine! Isikae bure!"

Alipomwona binti yake akaja mbio, uso unang'aa kwa jasho.

"Hujafeli, mwanangu! Jioni ile uliyoondoka tuliwaita watu, na tangu kesho yake hatujaiacha. Inaandika?"

Kabula alitaka kulia akajikuta anacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Hakuwahi kumpenda baba yake kama saa ile. Alitamani pia ardhi immeze, ila angemezwa mbele ya mashine, na mashine ingeandika.

Daktari Natalia alikuwa ameushikilia mlango wa gari, mabega yanamtikisika. "Wasukuma nyie! Sisi wa Mamba tungemwombea mtoto misa tu, basi." Alijifuta macho. "Nimecheka, lakini neno langu ni lilelile. Hapa haiwezi kukaa."

"Nipe mpaka kesho asubuhi, Daktari. Tafadhali."

Kabula akaomba ngoma zinyamaze. Akawaeleza kwamba mashine inatafuta mitetemo midogo kabisa, ya mbali, ya chini kwenye miamba. Ukiwa mnadani na mtu ananong'ona, utamsikia? Wakajibu hapana. Basi, akasema, Kasekese sasa ni mnada.

Malale akashusha jembe. "Kwa hiyo tukusaidie kwa kukaa tu?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Hiyo nayo ni kazi ngumu."

Lakini walioamua kucheza kwa moyo walinyamaza kwa moyo uleule. Kabla giza halijaingia ng'ombe walishavushwa ng'ambo ya kijito na vinu vikabebwa vichwani. Asubuhi watu walisalimiana kwa kupungiana mikono. Mzee Machibya alitembea pekupeku, ndala zake kwapani, na kuna mtu alipiga chafya huko kwenye mihogo akatazamwa vibaya na kijiji kizima.

Daktari Natalia akafungua kompyuta juu ya boneti. Mstari ulikuwa mwembamba kama uzi, tangu walipolala mpaka alfajiri. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na ulikuwepo: karibu na mapambazuko, wimbi dogo, kisha jingine kubwa kidogo nyuma yake.

Kabula akapima muda kati ya mawimbi yale mawili, kwani kadiri yanavyoachana ndivyo tetemeko lilivyo mbali. Akapima tena kuhakikisha.

"Tetemeko," alisema. "Umbali huu unafika ziwani. Na hakuna aliyelisikia."

"Hakuna," Daktari Natalia alinong'ona; naye alishaambukizwa. "Koleo lirudi garini. Kituo ni chako."

Mzee Machibya alisogea kwa ncha za vidole, akatazama kile kitone kwenye uzi. Binti yake akamwonyesha kwa mkono upande wa Ziwa Tanganyika, akamwambia limetoka huko, chini sana, wakati yeye amelala. Mzee akatazama alikoonyeshwa.

"Sisi tunajiumiza magoti," alisema polepole, "kumbe ardhi yenyewe inacheza." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini zaidi, "Naruhusiwa kushangilia?"

"Si hapa, baba."

Wakaondoka. Kijiji chote kikafuatana kwenye kijia cha mihogo, watu wameuma midomo, Malale amekumbatia jembe kifuani, akina mama wameziba vinywa na kanga kuzuia vigelegele visitoke kabla ya wakati wake. Hatua zikaongezeka, lakini hakuna aliyekimbia. Walipovuka kijito na kutokea ng'ambo waliko ng'ombe, mzee akageuka kumtazama binti yake, akisubiri ruhusa.

Ruhusa haikuja. Kabula alikuwa ameshavua viatu na kunyakua jembe la Malale, na ndiye aliyeruka wa kwanza.