Lenzi Iliyoanikwa

4.
Naanzia namba nne kwa sababu moja mpaka tatu ni matusi matupu.

5.
TANGAZO
Watumiaji wote wa stoo ya kamera mnaarifiwa kuwa lenzi kuukuu ya milimita hamsini, iliyokuwa na kasoro ya umanjano, imeanikwa juani na sasa ni nyeupe kama mpya. Kazi njema.
L. Rwechungura
Mtunza Stoo

6.
Kasoro!

Msomaji, hebu nikueleze hiyo kasoro. Vioo vyake viligeuka manjano kwa uzee, kwa hiyo kila kilichopita humo kilitoka na rangi ya samli. Pembeni picha ilififia, katikati ukabaki uso. Dirisha likiielekea, mwanga ulimwagika hovyo. Tena haivuti: ukitaka kumkaribia mtu, nyanyuka usogee.

Kwa lenzi hiyo nilimrekodi mama yangu, Bi Chausiku, jikoni kwake Muheza, akikuna nazi na kunisema.

7.
(sauti yake, kwenye filamu)
"We Sikudhani, huo mtambo utaniingia puani. Rudi nyuma!"
"Siwezi, mama. Lenzi ndivyo inavyotaka."
"Basi haina adabu."

8.
Ilibaki picha moja tu, ya chumba chake. Nikasema nitaipiga baada ya mfungo. Lenzi nikairudisha stoo, ndio utaratibu.

Akafariki.

9.
"Dada Sikudhani, nimekusaidia. Imekaa dirishani mwezi mzima."
"Nani alikutuma?"
"Si ilikuwa chafu?"
"Haikuwa chafu, Rwechungura! Ilikuwa na umri wake!"
"Rangi tu hiyo. Mtaiongeza kwenye kompyuta."

(koridoni)
— Mwacheni, ana msiba.
— Msiba wa kioo?

10.
Chumba nikakipiga kwa weupe huo, rangi nikaiongeza kwenye kompyuta. Kikaonekana chumba kilichopakwa manjano. Nikafuta.

11.
Kwa hiyo tazama nilichonacho. Jikoni kuna samli na mama. Chumbani kuna weupe wa hospitali, na kila uzi wa chandarua unahesabika. Ni chumba cha marehemu, na ndivyo kilivyo, na hilo ndilo linalonichoma. Namchukia Rwechungura kwa sababu siwezi kumchukia mama kwa kuondoka, wala kujichukia mimi kwa…

12.
Siku ile chumbani nilipiga hivyo hivyo. Kitanda. Kanga yake msumarini.

Lenzi haivuti. Nikanyanyuka, nikasogea.

Nikasogea tena, mpaka kioo kikagusa kanga.

Hakuna aliyeniambia rudi nyuma.