Sangala na Nyota

Msichana wa kofia ya njano alitoka majini akilia, akamwambia kocha wake kwamba ameshikwa mguu.

"Hapana leta hiyo maneno," kocha alimjibu. "Mwenzako ameshinda, kwisha."

Goretti alikuwa ng'ambo ya bwawa, akiopoa majani kwa chujio lenye mpini mrefu. Aliacha kuopoa. Kila Jumamosi klabu mbili za watoto wa Mbarara hukodi bwawa la hoteli hiyo ya Kamukuzi, wazazi wakajipanga pande mbili na kuzomeana, naye huendelea na kazi yake bila kuinua macho. Siku hiyo alimtazama msichana yule mpaka alipofungwa taulo na kuondolewa. Kisha akaenda kwa msimamizi kuomba ruhusa ya kesho yake. Kwa miaka saba hakuwahi kuomba.

Pale hotelini hakuna aliyejua kwamba mama huyu wa miaka sitini anajua kuogelea. Alipoajiriwa aliulizwa kama anaweza kufagia. Wafanyakazi hawaruhusiwi kuingia majini, kwa hiyo aliyajua maji yale kwa mikono tu: asubuhi huyatia dawa, huyachota kwenye kichupa, huyatonea matone na kungoja rangi igeuke. Jioni hurudi kwenye chumba chake Nyamityobora na harufu ya klorini vidoleni. Kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, anakoishi binti yake Mariette, kuna ziwa karibu, lakini ni la viboko na mamba, na watu huliendea kwa ndoo tu. Kati ya watu wake, aliyewahi kumwona akiogelea alikuwa marehemu mumewe, Bienvenu, naye alizikwa Uvira. Siku moja Goretti alimsimulia Mariette jinsi alivyoshindana majini ujanani. Mariette alicheka kwa upendo, kama mtu anavyocheka mzazi anapoanza kuzeeka.

Lakini yalikuwa yametokea. Kwao Uvira, kando ya ziwa, palikuwa na klabu ya Sangala, ya vijana wa bandari ya Kalundu, na ng'ambo ya mpaka, kwa Warundi, palikuwa na Nyota ya Bujumbura. Kila Agosti zilikutana. Watu wa Nyota walikuwa na kofia za mpira na kocha mwenye saa. Waliwaita wenzao ndagala, wale dagaa wadogo, wakisema watakaangwa. Sangala walijifunzia kati ya mitumbwi. Mwaka wa themanini na tatu mbio za wasichana zilifanyika Bujumbura, kutoka gatini hadi kwenye pipa jekundu lililoelea mbali, na kurudi. Aliyetarajiwa kushinda alikuwa Ancilla wa Nyota. Aliyeshinda alikuwa Goretti. Walimbeba mabegani hadi mpakani.

Miezi mitatu kabla ya Jumamosi ile, jirani mmoja alikuwa amemwambia Goretti kwamba huko Juru, upande wa pili wa kambi, kuna mama Mrundi asiyeona vizuri, ambaye husimulia watoto habari za mashindano ya kuogelea. Anaitwa Ancilla. Goretti aliitikia tu, akabadilisha mazungumzo. Tangu hapo kila siku yake ya mapumziko alijiambia ataenda wiki ijayo.

Jumapili hiyo alishuka basi Base Camp, mtaa wa Mariette kambini, akachukua bodaboda mpaka Juru bila kupitia kwa Mariette. Nyumba ya Ancilla ilikuwa ya udongo, na turubai kuukuu juu ya paa. Mwenyewe aliketi mlangoni akichambua maharage kwa kuyapapasa, mabovu akiyatupa kulia. Mabega yake yalikuwa bado mapana. Goretti aliyatambua kabla ya uso.

Alijitambulisha kama watu wanavyojitambulisha kambini, kwa jina la mtoto: Mama Mariette, wa Base Camp. Alisema amesikia kwamba mama alikuwa muogeleaji. Ancilla alifurahi, akamsogezea kigoda. Wakubwa hawakuwahi kumwuliza, alisema. Ni watoto tu, nao husikiliza mpaka mpira upite.

Akasimulia. Aliwataja wote, wa Nyota na wa Sangala pia: Emery aliyekuwa akipiga mbizi kutoka juu ya kreni, Doriane aliyekunywa chai ya tangawizi kabla ya kila shindano, Venuste aliyezama mto Rusizi na kuzikwa na klabu zote mbili. Goretti alijikuta akitabasamu. Miaka mingi alikuwa akiyarudia majina hayo peke yake, mpaka akaanza kuyatilia shaka. Sasa yalitoka kinywani mwa mtu mwingine, na kila mmoja alikuwa na sura yake ileile.

Mwishowe Ancilla akafika kwenye pipa jekundu. Alikuwa ametangulia, alisema, amelizunguka pipa kwanza, ndipo mguu wake wa kushoto ukanaswa na wavu wa wavuvi. Alikunywa maji. Alipojinasua mwenzake alikuwa ameshaenda. Kocha alimwambia pale hakuna wavu, ila ameogopa. Klabu ikamwacha, baba yake akasema sasa basi, na kabla ya Krismasi akaozwa Gitega, mbali na ziwa.

"Bila ule wavu ningemushinda yule Mukongomani," alisema. "Lakini simuchukii. Nilisikia alikufa mu vita. Namuombeaga."

Goretti alitazama maharage. Angeweza kunyamaza. Angekuja kila mwezi, akakaa kwenye kigoda hiki, akasikia majina yale, na kwa mara ya kwanza tangu Bienvenu afe asingekuwa peke yake nayo. Mama Mariette wa Base Camp, basi.

"Mama Ancilla," alisema, "haikukuwa wavu. Ilikuwa mukono yangu. Nilikuvuta mara moya, nikakuachilia. Ni miye Goretti."

Mikono ya Ancilla ilisimama. Kuku alisogea, akadonoa maharage mabovu, na hakuna aliyemfukuza.

"Mukono gani?" Ancilla aliuliza hatimaye.

Goretti alinyoosha wa kulia. Ancilla aliushika, akaupapasa polepole, kiganja, vidole, ngozi iliyokauka kwa klorini. Kisha akaurudisha mapajani mwa Goretti. Akasema jua limemchosha. Hakuuliza atarudi lini.

Goretti aliaga. Alijaribu kusema kwamba aliogopa kurudi Kalundu mikono mitupu, kwamba alikuwa na miaka kumi na minane, lakini Ancilla alikuwa ameyarudia maharage yake. Aliingia kwenye njia ya katikati ya mtama, peke yake. Kwao mgeni haondoki bila kusindikizwa, hata na mtu aliyegombana naye, naye alijua maana ya kuachwa aende hivyo.

Alikuwa ameyapita mashamba mawili aliposikia fimbo ikigonga mawe nyuma yake. Aligeuka. Ancilla alikuwa hatua ishirini hivi, kitenge kimefungwa vibaya, uso umeinuka kidogo. Goretti aliposimama, fimbo nayo ilinyamaza. Alingoja, Ancilla hakusogea.

Akageuka, akaendelea kushuka kuelekea barabarani, safari hii taratibu, akikanyaga kwa nguvu kidogo ili hatua zake zisikike. Nyuma, fimbo ikaanza tena.