Boksi Zima, Pedi Mbovu

Wewe uliona. Usijifanye siku ile ulipita njia nyingine. Uliona basi dogo la shule limekita pua kwenye ukuta wa mtaro pale chini ya mteremko, watoto wamekaa kwenye nyasi wanalia, viatu vimetapakaa, na ukapunguza mwendo. Si mwendo wa kusaidia, mwendo wa kuchungulia. Ukaona dereva ni mwanamke. Ukatikisa kichwa, ukasema ulichosema, ukapandisha kioo upesi kana kwamba ajali inaambukiza kama mafua. Ukaenda zako.

Dereva yule ni dada yangu. Tumenyonya ziwa moja. Alianza kuwapeleka watoto wenu shule zamani sana, wengine wa mwanzo sasa wana ndevu na wanampita barabarani bila salamu. Siku ile mtoto mmoja alivunjika mkono, wengine wakatoka na michubuko na hofu. Nashukuru haikuzidi hapo. Lakini mkono wa mtoto ulikuwa haujafungwa plasta na hukumu imeshatoka: mama yule alikuwa kasi, mama yule alikuwa kwenye simu, mama yule na usingizi wake.

Dada alisema jambo moja tu na hajalibadilisha mpaka leo. "Nilikanyaga breki. Nikasikia chuma kinalia. Gari halikushika."

Sasa sikiliza ubaya wake ulipo. Pedi za breki za basi lile zilikuwa mpya, zimefungwa wiki ileile, na aliyezifunga ni mume wake. Shemeji yangu ni fundi magari. Kwa hiyo nyumba nzima ikapanda kwenye mizani: breki zikionekana nzima, mke ni mzembe, zikionekana mbovu, mume ni mzembe. Hakuna aliyelitamka mezani. Lilikaa tu katikati yao, likila nao, likilala nao.

Mimi nashona viti vya magari. Kibanda changu kinapakana na gereji ya shemeji, ukuta wetu ni bati moja, akipiga chafya nasema "afya" bila kuinuka. Basi lilipoburutwa kuletwa gerejini nilisikia minyororo, nikaacha sindano kwenye kiti cha mtu nikatoka. Dada alikuwa ameshafika. Amesimama na mkoba kifuani kama mtu anayengoja kuitwa hospitalini.

"Usifungue peke yako," alimwambia mumewe. "Fungua nikiona."

"Mama watoto, leo unaniogopa mimi?"

"Sikuogopi. Naogopa utaona kitu halafu unifiche kwa kunihurumia. Au ujifiche wewe."

Shemeji akachuchumaa kwenye gurudumu. Akapiga jeki, akatoa tairi la mbele, akalegeza bolti, akazivuta pedi. Kwa asiyejua, pedi ya breki ni kitu cha kawaida kabisa: kibati cha chuma, na juu yake kimegandishwa kitu kigumu cheusi. Ukikanyaga breki, kile cheusi ndicho kinachobana diski ya gurudumu mpaka gari lisimame. Ndicho kinachoshika maisha yako. Pedi aliyoitoa shemeji ilikuwa kibati kitupu. Kile cheusi kilibanduka chote kama gamba la kidonda. Ya upande wa pili bado ilikuwa nacho nusu. Akachukua msumari akaikwaruza, ukadondoka unga. Unga mtupu, kama chaki ya darasani.

Akakaa juu ya tairi.

"Nilizinunua kwa Orijino," alisema. Huyo Orijino ni mwenye duka la spea pale kona. Tumemwita hivyo kwa sababu kila ukimwuliza chochote, hata bei ya kamba, anaanza na neno hilo. "Boksi lilikuwa zima. Lina nembo, lina lile bandiko linalong'aa, pembe zote zimenyooka."

"Na pedi je?" dada aliuliza. "Uliziangalia?"

"Nimekwambia boksi lilikuwa zima."

"Nimesikia la boksi. Naulizia pedi."

Nikaona nisipochomekea neno watu hawa watapasuka mbele yangu. Nikasema, "Shemeji, ungechagua mke hivyo, ungeoa gauni."

Dada akacheka. Alikuwa hajacheka tangu ajali. Akacheka mpaka akashika boneti, halafu kicheko kikageuka kilio, na mumewe akainuka na mikono yake ya grisi asijue aiweke wapi.

Usimcheke shemeji, maana na wewe ni hivyohivyo. Anajua kupima pedi kuliko ninavyojua uzi. Anajua uigonge kwa spana usikilize, iliyoshikana hulia sauti moja, iliyoachana hulia kama debe. Anajua utazame ubavuni pale cheusi kinapokutana na chuma, kama kuna mwanya unaopitisha hata ukucha. Anajua ukwaruze. Yote hayo anayajua, na yote aliyaacha, kwa sababu katika mtaa wetu wa gereji tumekubaliana bila kukubaliana kwamba kazi ya kupima ni ya boksi. Fundi anageuza boksi mkononi, analiangalia bandiko, anafinya pembe, anasema "hii ndiyo yenyewe." Mteja anaitikia kichwa. Kilichomo ndani kinaingia kwenye gari kama mgeni aliyekuja na barua nzuri.

Na kuna desturi yetu nyingine, hiyo tunaionea fahari. Fundi mwaminifu akifunga spea mpya, ile kuukuu haitupi. Anaitia ndani ya boksi la mpya, anamkabidhi mteja, ili mteja asije akasema ameibiwa. Shemeji ana namna yake ya kulifunga: gundi haishiki kwenye grisi, kwa hiyo anatoboa kifuniko kwa spoku ya baiskeli, matundu mawili, anapitisha waya wa shaba, anasokota. Mteja analitupia chini ya kiti na hapo linakaa. Mimi ninayeng'oa viti vyenu najua mnavyofuga maboksi huko chini.

Nikaingia ndani ya basi nikalitoa boksi lile chini ya kiti cha dereva. Waya wa shemeji upo. Lakini mtu anayeshinda na sindano hawezi kupita tundu bila kulitazama. Pembeni ya waya palikuwa na matundu mengine mawili, yamezibwa kwa ndani na utepe mwembamba wa gundi usio na rangi.

"Shemeji, hili ulilitoboa mara mbili?"

"Natoboa mara moja. Kwani nafuma?"

"Basi haya ni ya nani?"

Akalichukua. Akabandua ile gundi kwa kucha, akapeleka spoku yake kwenye tundu la kwanza, ikaingia. Tundu la pili, ikaingia. Alilishika boksi lile muda mrefu, kama mtu aliyeletewa mtoto akaambiwa anafanana naye.

"Ni yangu," alisema. "Boksi hili limeshapita mikononi mwangu."

Dada alikuwa wa kwanza kuelewa. "Ina maana ulimfungia mtu pedi nzuri, ukampa boksi. Boksi likarudi kwa Orijino, likatiwa takataka, ukalinunua tena."

"Na nikakufungia wewe," alimalizia mumewe.

Tulijua pa kuanzia. Alasiri hupita mtu na mkokoteni wake kununua karatasi kwa mafundi na kwa wenye magari. Jina lake ni hilohilo, Karatasi. Boksi lililokunjamana analirusha nyuma. Boksi zima analipangusa kwa mkono wa kanzu yake na kulilipia vizuri zaidi. Sisi sote tumeliona hilo miaka nenda miaka rudi.

"Karatasi," nilimwambia, "haya maboksi yanakwenda wapi?"

"Kusagwa, kaka."

"Boksi la kusagwa lina haja gani ya pembe kunyooka?"

Akaegemea mkokoteni akanitazama kwa huruma. "Swali hilo niliwahi kumwuliza anayenunua. Akaniambia, kazi yako miguu, si mdomo. Na nyie je? Mnaniwekea mazima kando, hamyakunji, mnagombea kuniuzia. Mlidhani nawalipa kwa sababu nawapenda?"

Mimi nimo. Na wewe umo. Mimi nakumbuka mambo, huo ndio ugonjwa wangu. Nakumbuka teksi iliyong'oka gurudumu kwenye mzunguko, na fundi wake akaapa spea ilikuwa na boksi lake. Nakumbuka duka lililofungwa kwa aibu kisha likafunguliwa na rangi ya kijani, nyuma ya kaunta binamu wa yuleyule. Nakumbuka niliposimama pale kona na kusema kwa sauti, na nakumbuka nani aliniambia "ndugu, hayakuhusu." Kila mara tulimtafuta dereva wa kulaumu, tukampata, tukalala.

Tulikwenda dukani sote watatu. Shemeji akaziweka pedi juu ya kaunta.

"Orijino kabisa..." akaanza yule bwana kwa mazoea, kisha akaziona vizuri. "Hizi si zangu."

"Boksi ni lako."

"Boksi ni karatasi, fundi wangu. Karatasi haina mdomo."

"Sawa. Toa pedi nyingine kama hizi, niikwaruze hapahapa watu waone."

"Ukikwaruza umenunua. Na sikuuzii."

"Kizuri chajiuza," dada alisema. "Cha kwako kinaogopa msumari."

Dukani mlikuwa na watu. Kila mmoja akakumbuka ana ujumbe kwenye simu. Mmoja alikuwa ameshika boksi jipya mkononi, akasogea pembeni ili tusimzibie njia ya kulipa.

Kikao cha wazazi kikaitwa shuleni. Viti vidogo vya watoto, magoti ya watu wazima juu kama panzi, na dada amekaa mbele peke yake. Walisema kila kitu isipokuwa jina lake. Ndipo shemeji akasimama, ile pedi iliyobaki nusu mkononi. Si msemaji yule. Akiwa na maneno kumi, saba ni ya kuomba spana.

"Aliyezifunga ni mimi," alisema. "Sikuzipima, nilipima boksi. Mke wangu alikanyaga breki ambayo haikuwepo. Akachagua ukuta wa mtaro badala ya barabara kuu iliyo mbele. Mkimtaka mzembe, nipo."

"Mume kumtetea mke, nayo ni habari?" sauti ikatoka nyuma. Watu wakacheka.

Mwalimu mkuu hakucheka. Aliichukua ile pedi, akaikwaruza kwa kalamu yake, akaona unga ukimwagikia meza. "Hii moja ni bahati mbaya," alisema. "Watu watasema hivyo, nami sitakuwa na la kuwajibu. Lakini wengi wenu mnanunua palepale. Fungueni magari yenu. Mkiniletea nyingine za namna hii kabla ya Ijumaa, mama huyu anarudi kwenye usukani wake, na hizo pedi nazipeleka polisi mwenyewe. Msipoleta, Ijumaa naajiri dereva mwingine."

Usiku ule sikuwa kwao, lakini dada ameniambia alichomwambia mumewe walipofika. "Nimekusikia mbele ya watu." Hicho tu. Mizani ile ya nyumbani imeshashuka. Iliyobaki ni yenu.

Shemeji akatangaza kwamba atafungua tairi la mtu yeyote, bure. Akapanga jeki mlangoni. Nikaja na msumari wangu. Tukangoja.

Alikuja baba mmoja. Gari lilikuwa limeshainuliwa, bolti ya kwanza imelegea, akamshika shemeji mkono.

"Acha tu, fundi."

"Nimeshaanza, mzee. Dakika moja."

"Acha, nimesema. Gari linasimama vizuri. Kwa nini nijitafutie presha?"

Jeki ikashushwa. Akaondoka. Nyuma ya kioo binti yake mdogo alimpungia dada mkono, na dada akampungia, akatabasamu mpaka gari likakata kona.

"Yule," alisema, "mimi ndiye niliyemfundisha kufunga mkanda."

Hakuja mwingine. Waliokuja walikuwa na shida zao za kawaida, na shemeji siku hizi akimaliza kazi analichana boksi mbele ya mteja, vipande vipande, kisha anamkabidhi kuukuu yake ndani ya kitambaa. Unajua wanasemaje? "Fundi, mbona unaniharibia boksi langu?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Safari hii kifo kikija hakitakuumbua wewe tu. Kitakuwa kimebeba mabegi ya shule.

Leo ni Alhamisi. Kwa hiyo inuka. Sikwambii ufikirie, umeshafikiri vya kutosha. Nenda kwenye gari lako, ingiza mkono chini ya kiti, toa hayo maboksi uliyoyafuga, uyachane kabla Karatasi hajapita. Kisha washa gari, uliendeshe taratibu, usishuke mteremko, zunguka kwa juu, ulilete gerejini. Jeki iko mlangoni. Msumari uko mkononi mwangu. Tukikuta pedi zako ni nzima, utakwenda kulala usingizi mzuri. Tukikuta ni unga, utaichukua hiyo pedi kwa mkono wako na kuiweka kwenye meza ya mwalimu mkuu, mbele ya wote waliocheka.

Usiseme kesho asubuhi. Kesho asubuhi watoto watakuwa wameshapanda. Njoo sasa hivi.