Wimbo wa Percy kwenye Albamu ya Wilf

Pale baa ya kijiji, huko Suffolk, Uingereza, wimbo una mwenyewe. Ukiwa wa Percy Cattermole, basi Percy aimbe. Wewe nyamaza usubiri kiitikio. Nyimbo zenyewe ni za kale, hakuna ajuaye nani alizitunga, lakini thubutu uguse wa mwenzio uone.

Na marehemu Wilf Thurlow aligusa. Percy alilazwa miezi mitatu kwa kuvunjika nyonga, na Wilf, kwa kupenda sifa, akauimba wimbo wake wa mchunga farasi. Aliuimba vizuri, hapo ndipo balaa. Percy aliporudi na mkongojo, watu walishauita wimbo wa Wilf. Hakuuimba tena, wala hakumsemesha Wilf miaka ishirini na sita, japo walikaa baa moja kila Jumamosi.

Sasa Wilf hayupo, na wenzake wanamtengenezea albamu ya kumuenzi. Nyimbo kumi na moja zilisharekodiwa. Ulibaki huo, na kila mtu alimwambia mjane wake, Doreen, auimbe yeye, kwani ni urithi wake. Doreen alimpenda mumewe mpaka basi, lakini urithi wa kitu cha wizi haukumpita kooni. Siku ya mwisho ya kurekodi, asubuhi, alifunga keki ya zabibu akaenda kubisha kwa Percy.

"Kama ni habari ya albamu, sitaki," Percy alisema mlangoni. "Keki nitapokea."

"Wimbo ni wako, Percy. Wilf alikosa. Alijua, na mimi nilijua, nikanyamaza kwa kuwa ni mume wangu."

"Amekutuma?"

"Atamtumaje mtu, na tulimzika Februari?"

"Huyo? Hashindwi." Percy akaipokea keki. "Mbona hakuja mwenyewe, alipokuwa na miguu?"

"Kiburi. Kama hicho chako. Tunakungoja pale baa saa nane. Usipokuja, albamu itatoka bila huo wimbo, maana mimi siuimbi ng'o."

Saa nane ikapita. Tamsin, binti wa kurekodi, alishaanza kukunja nyaya, na Doreen amejiinamia, roho inamuuma, ndipo Percy akaingia. Hakumsalimia mtu. Akakaa, akafumba macho, akaanza.

Percy wa zamani aliuimba mbio mbio, kama anayewahi bia. Safari hii aliuvuta polepole. Akapumua katikati ya mstari, pale pale alipokuwa akipumua Wilf. Ubeti wa tatu, ambao Wilf kwa usahaulifu wake aliutanguliza kila mara kabla ya wa pili, naye akautanguliza. Mambo hayo hayashikwi kwa siku moja. Doreen akaelewa kwamba miaka yote ile, huyu mzee aliyempa Wilf mgongo alikuwa akimsikiliza. Akalia, wala hakujificha. Kiitikio kikadakwa na baa nzima.

Tamsin alipozima mashine, Doreen alimsogelea Percy.

"Umeuimba wa Wilf. Mimi nilikuomba uimbe wako."

"Kwani albamu ya nani? Wangu nitauimba Jumamosi." Percy akafuta pua kwa kiganja. "Yule mwizi alinishinda, Doreen. Nilikuwa nangoja aniombe radhi, nimwambie."