Mkono Uliofungua Mlango

Mama Funguo alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni kuijua kazi yake mno. Ukimletea kitasa kibovu atakitengeneza, hiyo ni kawaida ya mafundi wote. Lakini ukimletea kitasa kilichofunguliwa bila ufunguo, atakisoma kama wengine wanavyosoma gazeti, tena kwa sauti. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu: funguo ambazo hazijachongwa zimening'inia ukutani, mashine ya kuchongea juu ya meza, jiriwa ya kubania vyuma pembeni, na kioo cha kukuzia ambacho wanawe wawili walikatazwa hata kukipumulia. Jina la Mama Funguo alipewa na mtaa. La kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, aliingia mwanamume wa makamo, ndevu zimeanza mvi, shati limepigwa pasi likanyooka. Akafungua leso, akatoa silinda ya shaba, ile sehemu ya kitasa inayoingia ufunguo.

"Fundi, sitaki unitengenezee. Nataka uniambie hii ilifunguliwaje."

Mtu mwenye busara angeuliza kwanza: wewe ni nani, na ya nini kuyajua hayo? Mama Funguo hakuuliza. Alivuta kioo, akaibana silinda, akazitoa pini zote tano, vile vyuma vidogo ambavyo ufunguo huviinua, na kuzipanga kwenye kitambaa kwa mfuatano wake. Mdomo ukaanza kazi.

"Haikuvunjwa, ilichokolewa. Na aliyeichokoa si mwanafunzi. Sisi wengi tunaanza na pini ya mbele, tunaingia ndani. Huyu kaanzia ya nyuma kabisa akawa anatoka nje. Halafu tazama mikwaruzo ilivyolala. Ni mtu wa mkono wa kushoto. Na hapa, kila pini ina kialama kilichopinda, maana yake chuma chake cha kuchokolea alikichonga mwenyewe. Hakiuzwi dukani."

Mgeni alisogea karibu na meza.

"Nimepita kwa mafundi kumi na saba," alisema. "Wote wameniambia imefunguliwa bila ufunguo, basi. Hakuna aliyeniambia mkono."

"Ndiyo maana wako kumi na saba," alijibu Mama Funguo, kichwa kimevimba.

Mgeni hakucheka. Akaeleza kama mtu aliyekwisha kueleza mara nyingi. Silinda ile ilikuwa ya mlango wa dada yake. Miaka kumi na minne iliyopita dada huyo alimkimbia mumewe aliyekuwa akimpiga, akapanga chumba mji mwingine, akanunua kitasa kipya. Mume akamfuata. Akaleta fundi, fundi akafungua, akaondoka. Mume akaingia. Dada akafa siku hiyo hiyo, na mume naye akafia gerezani baada ya miaka mitano. Fundi hakupatikana, hata jina lake halikujulikana.

"Sasa ukimpata utamfanya nini?" Mama Funguo aliuliza.

"Nitamuuliza swali moja. Nitapita kesho mchana, dada. Huenda ukakumbuka umeuona wapi mkono kama huo."

Alipoondoka, Mama Funguo alichonga funguo tatu, mbili zikaharibika. Mumewe alikuwa wa mkono wa kushoto. Lakini watu wa mkono wa kushoto wamejaa duniani, na mumewe alikuwa mshona vitabu kwenye kiwanda cha uchapaji, mtu wa uzi na gundi, ambaye kwa miaka kumi na moja ya ndoa hakuwahi kushika hata bisibisi ya mkewe. Mtaa mzima ulimtania kwamba ameoa fundi ili asihangaike.

Ila kulikuwa na ile siku ya upepo. Mtoto wao wa mwisho, wakati huo akiwa na miaka miwili, alijifungia chumbani, mlango ule ukiwa wa kujibana wenyewe. Ufunguo ulikuwa kibandani kwa mama yake. Mama Funguo alikimbia hadi nyumbani, akamkuta mtoto kapakatwa na baba yake, anakula ndizi. "Haukuwa umejibana vizuri," mume alisema. Mama Funguo akashukuru Mungu, akaacha hapo. Fundi wa vitasa, jamani, akaambiwa mlango haukujibana, akaamini!

Alifunga kibanda saa nane mchana. Nyumbani hapakuwa na mtu. Aliing'oa silinda ya mlango wa watoto, akaketi dirishani penye mwanga, akazitoa pini na kushika kioo. Ya nyuma kwanza. Mikwaruzo ilikuwa imelala vilevile, na kialama kile kilichopinda kilikuwa pale, kwenye pini zote tano. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanye nini ukikikuta huko. Aliogopa, na alijua kwamba anaogopa.

Mumewe alirudi saa kumi na moja, wakati watoto wakicheza uani. Alizikuta pini tano zimepangwa juu ya gazeti mezani, na mkewe amekaa nyuma ya meza hiyo. Hakuuliza ni nini. Alivua viatu, akakaa.

"Nani kaja?" aliuliza.

"Kaka wa marehemu."

Mume alifunika uso kwa mikono yote miwili, kisha akasema. Alikuwa fundi wa vitasa kwa miaka sita kabla hawajajuana. Mwanamume mmoja alimjia na cheti cha ndoa, akamwambia mkewe amesafiri na ufunguo. Alifungua, akaenda zake. Siku ya pili akasikia kilichotokea. Vifaa vyake alivitupa mtoni, akahama mji, akajifunza kushona vitabu.

"Na cha kumfungulia mtoto ulikitoa wapi?"

"Sindano yangu ya kazini. Niliipinda palepale, kwa mkunjo uleule wa zamani."

"Miaka kumi na moja!" Mama Funguo alisema. "Miaka kumi na moja unanitazama nikihangaika na vitasa vya watu, unajifanya hujui kichwa wala miguu!"

"Ningekuambia, ungenitazama kama unavyonitazama sasa."

Hilo lilikuwa kweli, likamkera zaidi. Tena akakumbuka jambo: ni mume huyu aliyemwambia, wakiwa bado wachumba, kwamba asifungue mlango wa mtu yeyote mpaka majirani wawili wasimame pale na mwenye nyumba atajwe jina. Yeye alidhani ni mapenzi. Ameishika sheria hiyo mpaka leo.

Akamuuliza lile ambalo fundi yeyote angeuliza. "Ndani kulikuwa na mtu?"

"Kulikuwa kimya. Naapa mbele ya Mungu, nyumba ilikuwa tupu."

Mama Funguo aliyapima hayo kwa mizani ya kazi yake. Cheti kipo, nyumba kimya, mwenye mke yuko mlangoni. Yeye mwenyewe, bila ile sheria ya majirani, angefungua. Ni ajali ya kazi, mbaya kuliko zote, lakini ajali. Alikuwa na hasira, na alimhurumia, na chini ya hayo yote alikuwa anampenda. Mbele yake kulikuwa na jambo moja la kuamua: amtoe baba wa wanawe kwa mtu asiyemjua, au adanganye.

"Kesho nenda kazini kama kawaida," alimwambia. "Yule mtu niachie mimi."

Siku ya pili mgeni alifika saa sita kasoro. Mama Funguo alikuwa ameutayarisha uongo wake tangu alfajiri, akautoa vizuri: mikono ya namna ile iko mingi, jana alijisifu tu, asamehewe. Mdomo uliponza kichwa, akaongeza, na kucheka kidogo.

Mgeni aliipokea silinda, akaifunga kwenye leso taratibu.

"Si kitu, dada. Nilitaka tu kujua maneno."

"Maneno gani?"

"Jirani wa ghorofa ya juu alisema mahakamani kwamba alimsikia dada yangu akiongea na fundi, mlango ukiwa kati yao. Kwa muda mrefu, akimsihi. Sauti ilifika juu, maneno hayakufika. Mama yetu ni mgonjwa. Kila siku ananiuliza, 'Mwanangu alisema nini?' Basi, ndiyo hayo. Nashukuru kwa muda wako."

Alikuwa ameshafika nje Mama Funguo alipomwita. Nyumba tupu, mumewe alikuwa ameapa. Kimya.

"Una silaha?"

Mgeni aligeuza mifuko yake ya suruali nje, yote miwili. "Ningekuwa na silaha nisingekuja na leso," alisema.

Kiwanda cha uchapaji kilikuwa mwendo wa dakika kumi; Mama Funguo alitangulia, mgeni akamfuata. Wafanyakazi walikuwa wametoka kwenda kula. Mume alibaki peke yake kwenye meza ndefu, anapitisha uzi kwenye mgongo wa daftari kubwa la shule, sindano mkono wa kushoto. Aliwaona wakiingia pamoja, akaiweka sindano chini. Mgeni aliitazama ile mikono kwanza, kisha uso.

"Dada yangu alikuambia nini?"

Mume alimtazama mkewe kana kwamba yeye ndiye angejibu.

"Sema," Mama Funguo alisema. "Jirani alimsikia."

Alisema, akitazama meza. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Alisema, 'Fundi, hicho kitasa nimekiweka mimi juzi. Huyo uliye naye ataniua. Nakuomba usifungue.' Alilisema hilo mara nyingi. Kisha akataja mama yake. Akasema, 'Nina mama, fundi, ananitegemea.' Mume wake akacheka, akaniambia ndivyo alivyo, wakigombana ni maneno hayohayo kila siku."

"Ukaamini?" kaka aliuliza.

"Sijui kama niliamini. Zilikuwa zimebaki pini mbili."

Kaka aliinamisha kichwa. Hakuwa na swali jingine. Mama Funguo ndiye aliyekuwa nalo, na hakutaka kuuliza, akauliza.

"Na wewe hukumjibu kitu?"

"Nilimjibu."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia asogee nyuma kidogo, mlango usije ukamgonga."

Kaka wa marehemu alisema asante, akatoka. Mama Funguo alibaki amesimama. Alitaka kulia na machozi hayakuja. Alimtazama mumewe, ambaye alikuwa ameishika tena sindano bila kujua, na akamwambia asirudi nyumbani leo. Kisha akatoka kwenda kuwachukua watoto shuleni.