Mlango wa Manila

Mashine yangu ya kukata karatasi niliitoa Kariakoo hadi Tabora nikiwa nimeipakata kwenye basi kama mtoto mchanga, na kondakta aliyetaka kuiweka kwenye buti nilimkaripia mpaka abiria wakanihurumia. Walidhani nimebeba majivu ya marehemu. Mimi nilikuwa nimebeba maisha yangu mapya. Kabla hata sijajua inavyowashwa, nilikuwa nimeshaandikisha kibao cha duka, "Ruaa Mapambo ya Kisasa", kikubwa kuliko mlango wenyewe wa duka.

Kwa asiyeijua, ni kitu chenye umbo la boksi jembamba kinachounganishwa na laptopu. Unabandika karatasi juu ya kipande cha plastiki kinachonata, wanakiita mkeka, unakiingiza, na kisu kidogo kama ncha ya kalamu kinakimbia huku na huku kikichonga maua na vimia vya vitundu ambavyo kwa mkasi ungevitoa huku unalia. Hayo nimeyajua baadaye. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa vipepeo vya kichen pati moja kule Ntalikwa, na kisu nilikizamisha mno kikakata karatasi, kikakata na mkeka. Vipepeo vilitoka kama chapati iliyogugunwa na panya. Nikamwambia mteja kwamba ndiyo fasheni iliyoingia Dar. Akaniamini, na hilo ndilo lililoniharibu, maana na mimi nikaanza kujiamini.

Ndiyo maana siku shangazi yangu, Bimdogo, alipopokea posa ya binti yake wa pekee, Zuwena, nilisimama mbele ya ukoo mzima na kusema kwamba mlango nitaurudisha mimi.

Mlango huo lazima niueleze. Nyumba yetu ilijengwa na mababu waliofuata njia ya misafara kutoka pwani, na mlango wake ulikuwa wa mninga, umechongwa maua toka juu hadi chini. Bibi harusi wa nyumba hii anapotoka kwenda kwa mumewe huweka kiganja cha kulia juu ya ua lililochongwa kwenye mwimo, ile nguzo ya pembeni ya mlango, mama yake huweka cha kwake juu yake, kisha binti hutoka bila kugeuka. Bimdogo alitoka hivyo. Alipofiwa na mume alirudi kuishi na kaka yake, Hamdun, ambaye ni baba yangu, akawa anamsubiri Zuwena akue naye atoke vilevile.

Mwaka juzi mvua ikaangusha ukuta wa mbele, ukaushukia mlango, ukaupasua. Bimdogo alikuwa Nzega msibani. Baba, mtu wa kupenda usafi, akaweka mlango wa chuma wa rangi ya kijani, na vile vipande vya mninga akaviona kuni nzuri. Shangazi alirudi akakuta mlango wa mama zake umepikia maharage. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Tangu siku ile wanasalimiana kama watu waliokutana stesheni. Chakula anampikia, anakifunika kwa kawa mezani, lakini kumwita aje ale, hamwiti. Baba hula peke yake, kimepoa.

Kwa hiyo niliposema nitaurudisha mlango, wa karatasi nyeupe za manila, saizi yake ileile, nilikuwa naahidi kitu kikubwa kuliko mapambo. Shangazi aliingia chumbani, akatoka na picha ya siku ya harusi yake. Ndiyo picha pekee ya ule mlango. Mpiga picha alikuwa amemsimamisha mbele ya mlango uliofungwa, amevaa buibui jeusi, mkono ameunyoosha kiganja kikiwa juu ya ua.

"Utaweza, mwanangu?" aliniuliza.

"Shangazi, mashine hii inasoma picha yenyewe," nilisema, na nadhani hata nilicheka kidogo kwa kumwonea huruma.

Na ni kweli inasoma. Programu ina kitufe: unaipa picha, penye weusi inakata, penye weupe inaacha. Mifereji ya nakshi ilikuwa na kivuli, basi ingekatwa, na maua yangebaki. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza swali moja: na shangazi je, na buibui lake jeusi lililoziba katikati ya mlango? Mimi nilijiuliza kama gundi ya maji itaacha alama. Nikabonyeza kitufe. Kwenye kioo ikaja mistari imesongamana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi, nikasema mashallah, nikaanza kukata.

Mashine ni nyembamba, hivyo mlango ulibidi ukatwe vipande vipande. Vipande vya pembeni vilitoka vizuri mpaka nikavipiga picha na kuvituma kwenye kundi la ukoo. Vya katikati vilipotoka, karibu karatasi yote ilidondoka, ikabaki fremu. Nikajiambia kumbe mafundi wa zamani hawakupenda kujazajaza. Kuna mahali kipande kimoja cha umbo la yai, chenye vitundu, kilibaki peke yake juu ya mkeka. Nikakiona kasoro, nikakibandua, nikakitupa kwenye boksi la takataka.

Asubuhi ya harusi tuliuunganisha mlango sebuleni, wanawake wa nyumba na jirani yetu, Mama Adelina, ukiwa umelazwa kifudifudi juu ya jamvi lenye marembo. Palikuwa na marembo juu ya marembo, hakuna aliyeona kitu. Mimi nilikuwa natoa amri. Bandika hapa, shika hapo, usikanyage. Tulipomaliza tukauinua, tukaufunga kwa utepe kwenye fremu ya ule mlango wa chuma uliokuwa wazi. Jua la nje likapita katikati ya maua yote, likatandaza kivuli chake sakafuni. Ulikuwa mzuri, jamani. Nikarudi nyuma nisifiwe.

"Ruaa," Mama Adelina aliita taratibu, "mbona kuna mtu?"

Alikuwepo mtu. Katikati ya mlango palikuwa na tundu la umbo la mwanamke, toka kichwani hadi miguuni, mkono mmoja umenyooka. Nilikuwa nimemkata shangazi yangu nikamtoa kwenye mlango. Nilitamani kuingia kwenye lile tundu nitokee Mwanza.

"Nina maua ya waridi kwenye laptopu," nikasema haraka. "Nakata machache naziba, hakuna atakayejua." Kabla sijamaliza sentensi umeme ukakatika.

Na hapo ndipo Bimdogo alipotoka chumbani, amejifukiza udi, amevaa nguo mpya ya harusi ya mwanawe. Akausogelea mlango. Akaliangalia lile tundu juu hadi chini, kisha macho yakaufuata mkono mpaka mwisho wake, kwenye mwimo. Buibui lilikuwa jeusi, likakatwa. Lakini kwenye picha kiganja kilikuwa cheupe kama ua lililokuwa chini yake, na mashine ilikiacha, ikakata tu kivuli kati ya vidole. Kilikuwa pale, cha karatasi, kimetulia juu ya ua, vidole vyote vitano, na kile cha mwisho kimepinda.

Shangazi akainua mkono wake. Kidole chake cha mwisho kimepinda vilevile. Alikivunja utotoni kwa kuanguka kutoka juu ya punda.

"Ni mimi," alisema. Akageuka kwangu. "Uso wangu uko wapi?"

"Uko... uko dukani, shangazi."

"Dukani wapi?"

"Kwenye boksi."

"Boksi la nini?"

Mimi ambaye vipepeo vya Ntalikwa niliviita fasheni ya Dar, siku hiyo nilianza kukunja utepe uliobaki. Nadhani uso wangu ulilieleza lile boksi vizuri sana, kwa sababu Bimdogo alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na katikati ya kicheko akawa analia, na mimi nikalia naye, kwa aibu na kwa kumpenda.

"Ngoja niuzibe," nikasema.

"Ukiuziba mtoto atatokea wapi?" aliniuliza. "Mlango wako haufunguki."

Hilo nalo sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimetengeneza mlango usio na pa kupitia, na kosa langu ndilo lililoutengenezea njia.

Abbasi, bwana harusi, alipofika na watu wake kutoka Igunga, upepo wa kiangazi ulikuwa umeanza, ule wa vumbi. Mlango ukavimba kama khanga kwenye kamba. Utepe wa upande mmoja ukaachia. Nikaruka, lakini mikono yangu miwili haikutosha, na Zuwena alikuwa ameshasimama tayari. Baba alikuwa nje kando ya magari, mbali, mahali pake pa siku zote tangu yale maharage.

"Hamdun!" Bimdogo aliita. Watu wote waligeuka. Hatukumbuki mara ya mwisho aliliita lini jina lile. "Njoo ushike mlango. Na huu usiupikie."

Baba alikuja karibu mbio, kofia imekaa upande. Akashika ukingo wa karatasi kwa mikono yote miwili, polepole, kama anashika kitu kilicho hai. Zuwena akaweka kiganja chake juu ya kile kiganja cha karatasi. Mama yake akaweka cha kwake juu. Kisha Zuwena, aliyejaliwa mwili wa upande wa baba yake, akajipinda ubavu na kupita katika tundu la umbo la mama yake alipokuwa msichana. Begani karatasi ilichanika kidogo. Hakugeuka.

Magari yaliondoka, vigelegele vikaisha, na mimi nikakimbilia dukani kuchakura lile boksi. Niliupata uso wa shangazi chini ya mabaki, umekunjamana. Nikawa narudi nao nikiunyoosha kwenye paja.

Nilimkuta baba bado amesimama palepale, ameshika mlango, na upepo haukuwepo tena. Bimdogo alikuwa mezani anafunua kawa.

"Achia sasa, Hamdun," alisema bila kumtazama. "Njoo ule, kisijepoa."