Kamba ya Makapi

Tryphena aliisokota ile kamba kwa makapi ya katani, yale yanayodondoka chini ya nyaya za kuanikia na kufagiwa pamoja na vumbi. Aliisokotea pajani kila jioni, kisha akaifunga kwenye kizingiti cha juu cha mlango na kuning'inia kwa uzito wake wote. Haikukatika. Sasa mumewe, Crispus, alikuwa chini ya mnara wa simu ya upepo, ile redio ya ofisini, tayari kupanda, kamba kiunoni, na nyapara Donald alikuwa akiifungua.

"Hii mmetoa wapi?"

"Ni makapi tu, Bwana Donald," Tryphena akadakia.

"Katani ni katani, mama. Ikichukuliwa bila ruhusa ni wizi."

"Ala! Imechukuliwa ikapelekwa wapi? Si iko hapa hapa shambani?"

Donald akaiviringa, akaitia kwapani bila kumtazama. Hakuwa mtu mbaya sana, Donald. Jumapili walikaa benchi moja kanisani Sagalla. Lakini nyapara mwenzake alikuwa amefutwa kwa kumwachia mwanamke mmoja fungu la katani la kusukia kikapu, na yeye hakutaka yamkute hayo.

Ngazi ya mnara ilikuwa ya tangu wakati wa wakoloni. Zamani ilikuwa na pete za chuma nyuma, mtu akiteleza mgongo ukute kitu. Pete zilikatwa, zikachomelewa kwenye trela ya trekta ziwe kingo, marobota ya katani yasidondoke njiani kwenda stesheni ya Voi. Vidato vya juu navyo vilikuwa vimeliwa na kutu. Crispus alisema mwaka jana, akasema tena baada ya mvua. Kila mara aliambiwa mafundi watakuja kutoka Mombasa.

Meneja akatoka ofisini.

"Mnangoja nini? Waya umeng'oka huko juu, meli iko bandarini, na mimi siwezi kuongea na mtu!"

"Mzee, nakuomba," Tryphena alisema. Alichukia jinsi sauti yake ilivyokuwa ndogo. "Mpe hata kamba ya stoo. Akishuka atairudisha."

"Ya stoo ni ya kufungia marobota, mama. Nikimpa huyu leo, kesho kila mtu atataka." Kisha akamgeukia Crispus, kwa upole kabisa. "Kama huwezi, sema tu. Nyumba yako wanaoitaka ni wengi."

Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kwenye laini za wafanyakazi, na watoto walikuwa ndani yake. Crispus alivua viatu.

"Nenda kazini, Mama Lois," alisema, akijaribu kucheka. "Utakatwa siku bure."

Hakwenda. Aliishika ngazi kwa mikono miwili, kana kwamba hiyo ingesaidia kitu. Kuita aliogopa, asije akamshtua. Kutazama juu hakuweza. Nyayo za mumewe zilimfikia kupitia kwenye chuma, tetemeko dogo viganjani, kisha jingine, kisha jingine, zikizidi kufifia kadiri alivyopanda. Haki ya Mungu, alitamani ngazi iishe.

Kisha viganja havikusikia kitu.

Crispus alipoanguka karibu naye, Tryphena alikuwa bado ameshika chuma.

Walimpakia kwenye trela, juu ya magunia. Alikuwa anapumua. Meneja alikuja mbio, jasho likimtoka, akaitazama barabara ya kwenda hospitali ya Voi, mashimo matupu.

"Donald! Lete kamba stoo, ile mpya. Mfungeni vizuri, asije akaanguka njiani!"

Mwenye stoo hakuuliza ni ya nani. Tryphena alipanda, akakishika kichwa cha mumewe mapajani, huku Donald akifunga na kulia. Kamba ilikuwa nyeupe, nene. Ilimzunguka Crispus kifuani, kiunoni na magotini, ikapitishwa kwenye zile pete za chuma huku na huku, ikakazwa, na bado ikabaki.